Njaa ya Kweli, Adui wa Kubuni

Mwezi Februari 2025 Wajerumani walipiga kura kuchagua Bunge lao. Chama kiitwacho Alternative für Deutschland, maarufu kwa kifupi AfD, kilishika nafasi ya pili kwa zaidi ya asilimia 20 ya kura. Ni chama kichanga, kilianzishwa mwaka 2013. Mwaka 2016, katika mkutano wake mjini Stuttgart, kilipitisha programu iliyotamka bila kificho kuwa Uislamu si sehemu ya Ujerumani, na ikapinga minara ya misikiti na adhana. Miaka kumi na miwili baada ya kuzaliwa, chama hicho kikawa cha pili kwa kura katika nchi ambayo baada ya Hitler iliapa kuwa mambo ya namna hiyo hayatarudi tena.

Habari hizo zilizungumzwa hapa kwetu Ibighi, barazani baada ya swala ya Ishaa. Kila aliyefungua mdomo alilaani. Mzee mmoja akatukumbusha kuwa mji wetu huu wa Tukuyu uliwahi kuitwa Neu-Langenburg. Jina hilo walitupa Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900, walipokuja kujenga boma lao, kutoza kodi na kuwatumikisha watu kwa nguvu. Akasema, watu waliokuja kwetu bila kubisha hodi, leo wajukuu zao wanalalamika kuwa wageni wamewajaa. Tukacheka.

Kisha kijana mmoja, wala si kijana mbaya, akasema: "Ustadhi, lakini na sisi tungepata chama cha namna ile, hata kidogo tu. Kiwaondoe Wahindi na Wachina pale Kariakoo, na hawa Wamalawi wanaotushushia bei ya vibarua." Baraza likacheka tena. Wengine wakaitikia, "Kweli kabisa."

Mimi ni mwalimu wa somo la Maarifa ya Uislamu. Nilikuwepo, nilisikia, na sikusema neno. Makala hii ni jibu nililopaswa kulitoa usiku ule.

Ndugu msomaji, swali ni hili. Tunapokilaani chama kama AfD, tunalaani nini hasa? Ubaya wake ni kwamba kinatuchukia sisi, au ubaya wake ni kwamba kinamhukumu mtu kwa asili yake? Kama jibu letu ni la kwanza, basi hatuna hoja ya kimaadili. Tuna maslahi tu, na mwenye maslahi hana haki ya kumlaumu mwenzake mwenye maslahi tofauti. Kama jibu letu ni la pili, basi kile kicheko cha barazani kilikuwa ni kura tuliyompigia yule yule tuliyekuwa tunamlaani dakika tano kabla.

Vyama hivi wataalamu wa siasa huviita vya mrengo mkali wa kulia. Jina hilo lisitutishe. Msingi wake ni mwepisi kuufahamu: nchi ni ya damu moja, na mwenye damu nyingine, hata akizaliwa humo na kuzikwa humo, ni mgeni anayevumiliwa. Juu ya msingi huo hujengwa hoja ya pili, kwamba shida za wenye nchi zimeletwa na huyo mgeni. Akiondoka yeye, shida nazo zitaondoka.

Wapo wanaodhani kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu. Historia yetu haisemi hivyo.

Mwaka 1958, baada ya mkutano wa TANU wa Tabora, Zuberi Mtemvu alijitoa katika chama hicho na kuanzisha African National Congress. Mtemvu alikuwa Mwislamu na alikuwa mpigania uhuru. Hilo haliwezi kufutwa. Alikasirishwa na uamuzi wa TANU kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Hasira yake ilikuwa na sababu, kwani utaratibu ule ulikuwa wa dhulma: Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu na Waasia wachache, lakini wote wakapewa viti sawa. Tatizo la Congress ni jibu lililolitoa. Ilisema Afrika ni ya Waafrika, ikimaanisha Waafrika kwa rangi. Wananchi hawakuifuata. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962 Mtemvu alipata chini ya asilimia mbili ya kura.

Hata hivyo wazo lile halikuwa la Congress peke yake. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge, tena wa TANU, walitaka uraia uwe wa Waafrika weusi kwanza. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alisimama akawafananisha wenye hoja hiyo na Hitler, na akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Waislamu tunayo madai yetu mengi dhidi ya utawala wa Nyerere, kuanzia kuvunjwa kwa EAMWS mwaka 1968, na madai hayo hayajafutika. Lakini Qur'an (5:8) inatutaka tusiache uadilifu kwa sababu ya kutoridhika kwetu na watu. Kwa uadilifu huo huo, siku ile alisema haki.

Na tazama mpangilio wa mambo. Mwezi huo huo wa Oktoba 1961 Ujerumani ilitia saini mkataba na Uturuki wa kuchukua wafanyakazi wa viwandani. Waturuki wakaenda, wakafanya kazi, wakazaa watoto na wajukuu, wakajenga misikiti. Hao ndio ambao AfD leo inawaambia kuwa dini yao si sehemu ya nchi ile. Sisi tulijadili swali lile lile mwezi ule ule na tukalijibu vizuri. Je, tumelinda jibu letu?

Miaka ya mwanzo ya 1990 ilitupima. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, Mchungaji Christopher Mtikila alijitokeza na chama chake cha Democratic Party. Kilinyimwa usajili kwa kuwa hakikutaka kuutambua Muungano, na hakikusajiliwa hadi mwaka 2002. Lakini kusajiliwa na kusikika ni vitu viwili. Mtikila alikuwa na kipaji cha maneno. Yeye ndiye aliyelieneza neno "walalahoi" kwa maana ya mafukara wa nchi hii, na ndiye aliyewaita Watanzania wenye asili ya Asia "magabacholi". Mwezi Januari 1993, baada ya mkutano wake jijini Dar es Salaam, makundi ya vijana yaliingia mitaani, yakashambulia kwa mawe magari na mali za watu wenye asili hiyo.

Wakati ule mimi nilikuwa mtoto mchanga. Niliyoyajua nimeyapata kwa waliokuwepo na kwa kusoma. Waliokuwepo huniambia jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka: mikutano ile ilijaa watu wa dini zote. Vijana wa Kiislamu wa Kariakoo, Manzese na Magomeni nao walikuwemo. Kwa nini wasiwemo? Njaa ilikuwa ya kweli. Serikali ilikuwa imepunguza ajira na huduma kwa masharti ya mikopo ya nje, mashirika ya umma yalikuwa yanaelekea kuuzwa, na wachache walikuwa wananeemeka waziwazi. Alipotokea mtu wa kuita umaskini kwa jina lake, wakamfuata.

Hapa ndipo penye somo. Mtikila hakudanganya kuhusu njaa. Alidanganya kuhusu mwenye kosa. Mwaka 1994 nchi wahisani zilisitisha misaada yao kwa Tanzania kwa sababu kodi na ushuru wa forodha vilikuwa havikusanywi na misamaha ya kodi ilitolewa ovyo. Ni kweli kwamba wapo wafanyabiashara, wakiwemo wenye asili ya Asia, walionufaika na misamaha ile. Lakini mwenye duka hawezi kujiandikia msamaha wa kodi. Msamaha husainiwa na mwenye ofisi. Wenye ofisi walikuwa weusi kama mimi, wengine Wakristo, wengine Waislamu. Jiwe lililorushwa kwenye kioo cha gari la muuza vitambaa halikuifikia meza ya aliyesaini. Na huenda hiyo ndiyo faida ya siasa ya namna hii kwa wakubwa: hasira ya watu hupata pa kumalizikia kabla haijafika mlangoni kwao.

Tena orodha ya maadui haifungwi. Mwaka 2010 Mchungaji yule yule alifikishwa mahakamani Kisutu kwa shitaka la uchochezi, kwa waraka uliodai kuwa Rais Jakaya Kikwete alikuwa na mpango wa kuuangamiza Ukristo. Mahakama ilimwachia mwaka 2012, na hilo tuliseme. Tuseme pia kuwa kesi yake ya kutaka mgombea binafsi aruhusiwe aliishinda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu mwezi Juni 2013, na kwa kesi hiyo alitetea haki ya kila Mtanzania. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Ninachotaka kuonesha ni njia yenyewe inavyokwenda. Yule Mwislamu aliyepiga makofi mwaka 1993, wakati mgeni alikuwa ni "gabacholi", alijikuta mwaka 2010 naye yumo kwenye orodha. Ukikubali kwamba nchi ni ya damu moja, kesho utaambiwa ni ya dini moja, na keshokutwa ya kabila moja. Sisi Waislamu wa Rungwe, wachache katika milima ambayo Wamoravian wameishi tangu mwaka 1891, tulipaswa kuwa wa kwanza kulifahamu hilo.

Qur'an imetuonesha siasa hii zamani, na aliyeiendesha ni Firauni. Wengi tunamkumbuka kwa kiburi chake cha kudai uungu, lakini tunapita haraka maneno yake ya kisiasa. Rejea Suratush-Shu'araa (26:34-35): Firauni anawaambia wakubwa wa taifa lake kwamba Musa (a.s) ni mchawi anayetaka kuwatoa katika ardhi yao. Nani alikuwa anamiliki ardhi, na nani alikuwa mtumwa? Lakini mwenye nchi, mwenye jeshi, mwenye hazina, anajifanya ndiye anayeonewa. Kisha katika Aya ya 53 mpaka ya 56 anatuma wapiga mbiu mijini kutangaza kuwa Bani Israil ni kikundi kidogo tu, kwamba wanaudhi, na kwamba taifa lote likae macho. Na katika Suratu Ghaafir (40:26) anaongeza kuwa anachelea Musa atabadili dini ya watu wake au kuleta uharibifu katika nchi.

Haya basi, weka mambo hayo pamoja: watatunyang'anya nchi, ni wachache lakini ni hatari, watabadili dini yetu, wataharibu amani. Chama gani cha leo cha mrengo mkali wa kulia kina hoja ambayo haimo humo? Na Suratul-Qasas (28:4) inatupa siri ya yote: Firauni aliwagawa watu wa nchi makundi, akalidhoofisha kundi moja. Ugawaji ulikuwa ni nyenzo ya utawala wake.

Sasa nirudi kwa wale Wamalawi wa kijana wetu, kwa sababu kuna jambo linanielemea.

Miaka michache iliyopita, katika msikiti mmoja wa huku kwetu, tulikuwa tunajenga mahali pa kutawadhia. Fundi alikuwa mwenzetu, na saidia fundi alikuwa kijana kutoka Malawi, asiyekuwa Mwislamu. Siku moja simu ya muumini mmoja ilipotea dirishani wakati wa udhu. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Mfuko wa yule kijana ulimwagwa chini mbele za watu: shati, kandambili, kipande cha sabuni, picha ya mama yake. Simu haikuwemo. Akaambiwa bila shaka ameshaipitisha kwa wenzake. Alilipwa ujira wake wa siku tatu, akaondoka na hakurudi. Baada ya siku mbili simu ilionekana kwa mpwa wa mwenyewe. Mambo yakamalizwa kifamilia, kwa kicheko. Hakuna aliyemtafuta yule kijana kumtaka radhi. Nilikuwepo, na siku ile pia sikusema neno.

Mwalimu wa dini hawezi kupitia tukio kama hilo bila kukumbuka sababu ya kushuka Aya za Suratun-Nisaa (4:105-112). Wafasiri wanaeleza kuwa mjini Madina mtu aitwaye Tu'ma bin Ubayriq, aliyejihesabu miongoni mwa Waislamu, aliiba deraya. Alipohofia kugundulika akaiweka kwa Myahudi mmoja. Jamaa zake wakaenda kwa Mtume (s.a.w) kumtetea ndugu yao na kumbebesha Myahudi wizi ule. Hoja yao haikuwa na uzito mwingine: huyu ni wetu na yule si wetu. Aya zikashuka kumsafisha Myahudi, kumtanabahisha Mtume asiwe mtetezi wa wahaini, na kueleza kuwa anayetenda kosa kisha akamtupia asiye na hatia amebeba uzushi na dhambi iliyo wazi.

Tafakari, ndugu Mwislamu. Hiyo ilikuwa jamii changa ya Waislamu, yenye maadui kila upande, na uhusiano wake na Mayahudi wa Madina ulikuwa wa mashaka. Kisiasa, kuuficha wizi wa Tu'ma kungekuwa na faida. Allah (s.w) hakukubali haki ya mtu mmoja asiye Mwislamu izikwe kwa ajili ya heshima ya Waislamu. Aya zile zinasomwa katika swala mpaka leo, nasi tunaitikia amin, kisha tunamwaga chini mfuko wa Mmalawi.

Najua nitajibiwa. Jibu la kwanza ni kwamba je, mtu asiipende nchi yake na watu wake? Mtume (s.a.w) aliulizwa jambo la karibu na hilo. Aliulizwa kama asabiyya ni mtu kuwapenda watu wake. Akajibu kuwa sivyo. Asabiyya ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhulma. Kwa hiyo mapenzi hayakukatazwa. Kilichokatazwa ni mapenzi yanayogeuka silaha dhidi ya asiye na kosa.

Jibu la pili ni zito zaidi: vipi kuhusu wageni wanaovunja sheria na kuchukua riziki za wananchi? Je, tunyamaze? Hasha. Dhulma ni dhulma, akiifanya Mchina, Mhindi au Mnyakyusa. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni na kununua mazao shambani. Mkulima wa ndizi au parachichi wa Rungwe anajua uchungu wa kupangiwa bei shambani kwake. Mtu anaweza kuiunga mkono amri ile au kuipinga. Ni jambo la sera. Lakini angalia inavyopima. Inauliza uraia, haiulizi rangi. Inataja kitendo. Na inamwadhibu pia raia anayemsaidia mgeni kuikwepa. Siku mtu atakapoitumia kumtaka Mtanzania ambaye babu yake alizaliwa Tanga au Mbeya aonyeshe kwanza kuwa yeye ni "mzawa", siku hiyo itakuwa imeacha kuwa sheria ya biashara na imekuwa mbiu ya Firauni. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti ya haki na asabiyya: je, mzigo anabebeshwa mtendaji kwa alichotenda, au mtu kwa alivyozaliwa? Qur'an (6:164) imekata shauri kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine.

Jibu la tatu huwa halisemwi kwa sauti: kwamba haya ni maovu ya wengine, Uislamu unatukinga. Uislamu unakinga anayeufuata. Mwaka 1961 Unguja, mwezi Juni, baada ya kampeni ambazo magazeti ya kila upande yalimtukana mwenzake kwa asili yake, watu 68 waliuawa katika fujo za uchaguzi, wengi wao Waarabu. Katika kisiwa ambacho karibu kila mtu ni Mwislamu, wauaji na wauawa walielekea kibla kimoja. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin, Mwislamu, aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Miongoni mwao walikuwemo Waislamu wengi. Maduka yao yakagawiwa wanajeshi na watu wa karibu na utawala, na haukupita muda sukari na sabuni vikaadimika kwa yule yule Mganda aliyeambiwa kuwa sasa uchumi ni wake. Adui aliondoka, njaa ikabaki.

Na wazee wa hapa wanajua kuwa nasi tumewahi kuwa "Wamalawi" wa watu wengine. Babu zetu walitoka katika vilima hivi kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, wengine mgodi wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wengine Afrika Kusini kupitia Wenela. Nyumba za matofali za kwanza katika vijiji vingi vya Rungwe zilitokana na jasho la ugenini. Leo vijana wetu bado wanakwenda huko kusini, na huko nako kumezuka kundi liitwalo Operation Dudula, lililoanzia Soweto mwaka 2021 na mwaka 2023 likaamua kuwa chama cha siasa. Neno hilo kwa Kizulu lina maana ya kusukumia mbali. Wanaosukumwa ni Waafrika wenzao. Maneno wanayoambiwa ni yale yale ya barazani kwetu: wanatuchukulia kazi, wanashusha bei ya vibarua, ndio wezi.

Kwa hiyo tufanye nini? Sina mpango mkubwa wa kutoa. Nina mfano mmoja.

Januari 2024 ilifichuka Ujerumani kuwa baadhi ya watu wa AfD walihudhuria mkutano wa faragha karibu na mji wa Potsdam, ambako ulijadiliwa mpango wa kuwaondoa nchini watu wa asili ya kigeni kwa wingi, wakiwemo wenye uraia. Habari ilipotoka, mamia kwa maelfu ya Wajerumani waliingia barabarani mji baada ya mji, katika baridi ya Januari, kupinga. Wengi wao hawakuwa Waislamu wala wageni. Hakuna aliyewagusa. Wangeweza kukaa nyumbani.

Swali langu kwa baraza letu ni hili: tungekuwa sisi, tungetoka? Siku jiwe litakaporushwa dukani kwa Mhindi, au mfuko wa Mmalawi utakapomwagwa chini, nani kati yetu atakayesimama mbele? Si kwa sababu Mhindi yule ni mwema au Mmalawi yule ni Mwislamu, bali kwa sababu hakutenda alichosingiziwa.

Qur'an inamtaja mtu wa aina hiyo katika Suratu Ghaafir (40:28). Alikuwa katika jamaa ya Firauni mwenyewe, ameificha imani yake, na siku waliposhauriana kumuua Musa alishindwa kunyamaza. Hakuwa Mwisraili. Hakuna aliyemtishia yeye. Alikuwa na kila sababu ya kukaa kimya, na Allah (s.w) akaita sura nzima kwa jina lake, kwani sura hiyo huitwa pia Suratul-Mu'min.

Mimi nimenyamaza mara mbili. Wiki iliyopita, baada ya Ishaa, nilimwomba yule kijana wa barazani tukae. Nilimweleza habari ya Tu'ma, kisha nikamweleza habari ya yule saidia fundi. Hakucheka. Aliniuliza kama kuna njia ya kumpata yule Mmalawi. Nikamwambia kuwa fundi aliyemleta bado yupo na huenda anajua kwao. Tumekubaliana kumwendea.

Wallahu a'lam.